Shahidi wa Tatu

Kadi ilikuwa imekaa mezani wiki ya nne, na mhariri wa kamusi alikuwa hajaifunga. Wenzake wa chumba kile walishavuka herufi V, wakaingia W, wakawa wanachapa kazi huku wakimtupia jicho la pembeni. Yeye alibaki na neno moja la Kiingereza, vacillate, akiligeuza huku na huku. Na ukimwuliza limefika wapi, jibu lilikuwa lile lile la miaka yote: bado. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika pale kazini. Walimwita Bado, kwanza kwa kumtania mgongoni, kisha usoni, na mwishowe hata kwenye orodha ya zamu za kuchemsha chai.

Tusimwonee bure. Nyumba ile ya kamusi ilikuwa na desturi yake, na yeye aliishika kuliko wote. Maana ya neno haifungwi mpaka ipate mashahidi watatu: mmoja wa kitabuni, mmoja wa gazetini, na mmoja wa mdomoni, yaani mtu aliyelisema bila kujua kwamba litaandikwa. Kila shahidi ana kadi yake ndogo, yenye tarehe na mahali. Wakitimia watatu, mkuu wa kamusi, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, hugonga muhuri mwekundu: IMEFUNGWA. Zamani, kabla ya desturi hiyo, neno liliweza kufungwa kwa shahidi mmoja tu, na siku moja shahidi mwenyewe akagundulika kuwa ni kosa la mpiga chapa. Neno ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulitamka lilikaa kamusini miaka kumi na mmoja, na wanafunzi wakalifanyia mtihani. Aliyelifunga alikuwa Bado, wakati huo kijana mgeni kazini, mwepesi wa kuamua. Aibu ile haikumtoka tena.

Neno la safari hii lilikuwa na historia ya kumvutia mtu wa aina yake. Waingereza walilichukua kutoka Kilatini, na huko lilikuwa neno la mwili: kuyumba, kupepesuka, kutembea miguu ikikataa kutii. Katika Kiingereza nako lilianza na mwili, miaka mia nne na ushei iliyopita, na haikupita miongo mingi likapanda kutoka miguuni hadi moyoni, likawa la mtu anayeambiwa achague akashindwa, leo hivi, kesho vile. Nyuma ya Kilatini hakuna ajuaye kwa hakika lilikotoka. Wataalamu wenyewe wanasitasita. Siku aliyosoma hilo Bado alicheka kwa sauti, chumba kizima kikageuka kumtazama.

Shida ilikuwa Kiswahili chake. Kusitasita kulifaa moyo lakini kuliiacha miguu nje. Kupepesuka kulifaa miguu, ila kulinuka pombe. Kuwayawaya kulionekana kubeba yote mawili, na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu shahidi wa kitabuni alikuwa naye, wa gazetini alikuwa naye, wa mdomoni hakuwa naye.

Alimpata Jumapili moja mchana, mlangoni kwa dada yake.

"Afadhali umekuja, kaka," jirani alimdaka kabla hajapiga hodi. Huyu jirani alikuwa mama wa makamo aliyekaa chumba cha pili, mtu wa huruma na wa maneno. "Dada yako simwelewi. Juzi kaanguka bafuni. Siku hizi akitoka nje anawayawaya, mpaka ashike ukuta."

Bado alitoa kalamu. Ndiyo, tuseme kweli tupu: kabla hajauliza dada yake ana nini, aliiandika sentensi ile kwenye kadi ndogo, akaweka tarehe na mahali. Kisha ndipo akaingia ndani. Jambo hilo lilimrudia mara nyingi baadaye, na kila liliporudi alijichukia.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Wazazi wao walipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na saba, na Bado mitano. Alimlea kwa cherehani ya miguu, akamvisha, akamsomesha, akawakataa wachumba wawili kwa sababu walimtaka yeye bila mdogo wake. Alikuwa mtu wa kuamua. Hakuchora chaki kwenye kitambaa. Alipima kwa macho, akatia mkasi, na wateja walioleta vitambaa vya harusi walifumba macho wasione. Nguo ilitoka sawasawa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemrudishia kazi.

Siku ile Bado alimkuta ameketi kwenye mkeka, na juu ya meza kuna kitambaa cha buluu kilichokatwa kombo.

"Usinitazame hivyo," dada alisema. "Mkasi umezeeka."

"Na mkasi ndio ulioanguka bafuni juzi?"

"Nani kakwambia? Huyo jirani ana mdomo mpana kuliko mlango wake!" Alinyanyuka ili amwonyeshe kwamba hana neno. Alielekea dirishani, lakini mwili ukamkatalia, ukampeleka kushoto, bega likagonga kabati. Alisimama pale akilishika kabati kwa mikono miwili. "Sawa," alisema. "Kesho nipeleke hospitali."

Daktari wa kichwa alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini. Aliwasha taa ya ukutani, akabandika picha, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hapa nyuma, chini ya kisogo, kuna uvimbe. Umekandamiza sehemu inayotusaidia kusimama wima, ndiyo maana mama anayumba. Tukiutoa sasa ana nafasi nzuri ya kupona. Sisemi nafasi kamili. Anaweza kuamka usemi wake umeharibika, na wapo wasioamka kabisa. Tukiuacha utaendelea kukua, na kwa hilo sina shaka hata kidogo."

"Ni lini, daktari?" Bado aliuliza.

"Wiki hii. Ikichelewa sana, wiki ijayo."

Karatasi ya ridhaa ilikuwa na mistari miwili ya sahihi, mmoja wa mgonjwa, mwingine wa ndugu wa karibu. Dada aliitazama kidogo, akaisukuma mbele ya mdogo wake.

"Weka yako kwanza," alisema. "Yangu nitaiweka baada yako."

"Dada, hili ni jambo lako."

"Ni langu. Lakini nimeamua kila kitu tangu una miaka mitano. Shule gani, viatu gani, tuhame au tusihame. Hili moja niamulie wewe. Ukisema twende, twende."

Bado alisoma karatasi ile mara mbili, akarudia kifungu cha tatu, akaikunja. Alisema wampe siku chache ajiridhishe. Daktari alitazama kalenda. Dada alivaa kandambili zake, na walipofika nje aliushika mkono wa mdogo wake ili asianguke.

Hapo mwanzo hakuna aliyeona ubaya. Ni nani asiyetaka maoni mengine kabla ya kumpeleka dada yake kwenye kisu? Bado aliyaandika maneno ya daktari kwenye kadi ndogo, tarehe na mahali, akaitia mfukoni. Siku ya nne akampeleka dada kwa daktari mwingine, mwanamke, katika hospitali nyingine upande wa pili wa mji. Yule mama alizitazama picha kwa muda mfupi tu. "Ningekuwa nyinyi ningekuwa tayari nimelazwa," alisema. Nayo ikaandikwa.

Sasa mashahidi wawili walikuwa wamekubaliana, na mtu mwingine yeyote angeweka sahihi. Lakini Bado aliulizauliza, akagundua kwamba madaktari wale wawili walifundishwa na mwalimu mmoja, na kwa desturi ya kamusi mashahidi wa chanzo kimoja hawahesabiwi wawili. Alihitaji wa tatu, wa mbali na hao. Akasikia habari za bingwa mmoja mzee ambaye watu walimsifia mikono yake. Bingwa alikuwa safarini. Angerudi baada ya wiki tatu.

"Wiki tatu si nyingi," Bado alimwambia dada yake.

"Si nyingi kwa nani?"

"Nataka kuwa na hakika, dada. Nisije nikakosea."

Dada aliomba apewe kikombe chake cha chai. Alikishika kwa mikono miwili, na chai ilimwagika hata hivyo.

Kila jioni Bado alipotoka kazini alipitia kwake, na kila jioni dada alimwuliza swali moja: "Umefikia wapi?" Alijibu kwa neno lake. Mwanzoni dada alikuwa akimtania. "Ndivyo ulivyomfanya yule mwalimu," alisema. Maana kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, binti mpole mwenye mwanya, aliyemngoja Bado miaka saba, huyu akiwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, mpaka binti akaolewa na fundi bomba. "Wewe ulipomaliza kufikiri, mwenzio alikuwa ananyonyesha wa pili. Nilimshonea mimi gauni lile la harusi. Nililishona huku nalia."

"Hukuniambia ulilia."

"Ungetaka mashahidi."

Siku nyingine dada alimwuliza kuhusu kazi, naye akamsimulia habari za lile neno, lilivyoanza na mwili likaishia moyoni. Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tumegawana, mdogo wangu," alisema. "Mimi nimechukua maana ya zamani, wewe umechukua mpya." Alicheka sana, na Bado akacheka naye, wakacheka kama walivyokuwa wakicheka zamani kwenye kitanda kimoja. Kisha Bado akaona kwamba dada amemaliza kucheka zamani lakini hajaachia ukingo wa meza.

Wiki ya pili dada aliacha kusimama. Cherehani ikafunikwa shuka. Jirani alihamia kwake mchana kutwa, akimlisha na kumwogesha, na Bado alipofika mama yule hakusema tena mengi. Alimpisha tu kiti. Kimya cha mtu yule kilimwuma Bado kuliko maneno yake.

Kazini habari zilimfikia mkuu wa kamusi. Alikuja mwenyewe mpaka mezani kwa Bado, akavuta kiti, akaishusha miwani ya kichwani bila sababu.

"Nimesikia unamngoja bingwa," alisema.

"Zimebaki siku tisa tu, mama."

"Na wawili wamesema nini?"

Bado alitoa kadi zake mfukoni, akaziweka mezani, zimenyooka, tarehe na mahali. Yule mama alizisoma. "Umewaandikia kadi," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, hii desturi niliianzisha mimi. Niliianzisha kwa ajili ya maneno. Neno halifi likingoja. Nenda sasa hivi ukaweke sahihi, na usirudi hapa kabla hujaiweka."

Alikwenda. Alifika hospitali saa tano asubuhi, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa kungojea, akaikunjua karatasi ya ridhaa juu ya goti. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake. Kisha, kichwani mwake, akamwona dada yake anaamka kitandani, anafungua mdomo, na hakuna kinachotoka. Akamwona haamki. Akauona mkono wake mwenyewe ukiwa umeandika jina chini ya hayo yote, kama ulivyofunga neno lile la uongo miaka ile. Aliogopa. Tusilizungushe, hilo ndilo lililokuwa chini ya kadi zote na hakika zote alizotaka: aliogopa kuwa yeye ndiye atakayekosea, na akaona heri wakati ukosee kwa niaba yake. Saa sita alikuwa bado amekaa pale na herufi moja. Aliikunja karatasi, akarudi nyumbani, na kesho yake akamdanganya mkuu wake kwamba wamepangiwa tarehe.

Bingwa mzee alirudi siku aliyosema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nywele nyeupe na vidole vyembamba, na aliwapokea vizuri. Alitaka picha mpya, zikapigwa. Alizibandika ukutani karibu na zile za mwanzo, akasimama akizitazama huku ameweka mikono nyuma, na Bado, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha dada yake, aliona mabega ya mzee yakishuka.

"Nani aliziona hizi za kwanza?" bingwa aliuliza.

Bado alimtajia wote wawili.

"Walisema kweli. Na mimi ningewaambia hivyo hivyo, neno kwa neno." Aligusa picha ya pili. "Ila sasa umeshika shina la ubongo. Hapa siwezi kuingia. Hakuna mtu anayeweza kuingia hapa."

Basi, shahidi wa tatu alipatikana. Bado alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa shati na hakuitoa. Aliinama, akaweka paji lake juu ya bega la dada yake, palepale mbele ya daktari, akalia kwa sauti. Dada hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma taratibu, ukatafuta, ukakosa, ukapata sikio lake, ukalishika.

Bado aliomba likizo, akahamia kwa dada yake na godoro moja. Kadi ya neno lile, iliyobaki mezani kwake na mashahidi wote watatu, mkuu aliigonga muhuri mwenyewe, na Bado alipopelekewa habari hakuuliza imefungwa kwa maana ipi. Alijifunza kuosha mtu mzima, kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake, kulisha kwa kijiko kidogo na kungoja ameze. Jirani alimfundisha bila kumlaumu.

Asubuhi moja, usemi wa dada ukiwa umeanza kuwa mzito lakini bado unasikika, alimwita karibu.

"Nimekukasirikia," alisema. "Sitaki nikufiche."

"Najua, dada."

"Hujui. Unadhani nimekasirika kwa sababu nakufa. Kufa ningeweza kufa hata kwenye meza ya upasuaji." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nilikuwa nimeshaamua, wewe. Siku ile ile, kabla ya karatasi. Ningeweza kuweka sahihi yangu na kukulazimisha yako. Lakini nilikuwa naogopa sana, na hakukuwa na mtu wa kumwambia naogopa. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu mtu mwingine aniambie, twende. Hata kama anakosea. Nilikuwa nangoja hilo kila jioni ulipokuwa unaingia mlangoni."

Bado alipiga magoti kando ya kitanda. Alisema nisamehe, akasema tena, na neno lilionekana dogo kila aliposema. Dada alifumba macho. Hakusema amemsamehe wala hajamsamehe, na Bado hakuthubutu kuuliza.

Siku tatu baadaye dada hakuweza tena kujigeuza. Jirani alikuja saa nne, kama kawaida yake, wamlaze ubavu ili mgongo usipate vidonda. Walipomshika, mmoja mabegani, mwingine miguuni, dada alifumbua macho, akamtazama mdogo wake.

"Utanigeuzia wapi?" aliuliza. Maneno yalitoka yamekwaruzana, ilibidi wainame kumsikia. "Ukutani, au mlangoni?"

Bado aliihisi ile hali yake inapanda kifuani. Ukutani kuna baridi, na ataona nini ukutani? Mlangoni kuna watu wanaopita, lakini kuna vumbi, na jua la saa hizi. Jirani alikuwa ameshika miguu, anangoja. Dada naye alikuwa anangoja, na macho yake hayakuwa na hasira wala utani.

"Mlangoni," Bado alisema.

Wakamgeuza mlangoni. Wakamwekea mto nyuma, wakamvutia shuka, jirani akaenda kuchemsha maji. Jua lilikuwa limeshapita kizingiti, likapanda kitandani, likampiga dada usoni, na machozi yakaanza kumtoka kwenye jicho la chini.

"Linakuumiza," Bado alisema, tayari amesimama. "Nimekosea, dada. Ngoja nimwite jirani, tukugeuze ukutani."

"Wacha." Mkono wake ulisogea kidogo juu ya shuka, ukamgusa goti. "Umesema mlangoni."

"Lakini jua—"

"Umeshasema," dada alisema. Alifumba macho, akakaa vile vile, uso wake umeelekea juani. Bado alikaa sakafuni mbele yake, akanyoosha mgongo ili kichwa chake kimkinge, na jua lilivyosogea naye alisogea, mpaka likaondoka.